Kushuka Korongo kwa Miguu: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari ya Kerio

Tangu Chama chetu cha Kiswahili kitangaze kwamba safari ya mwaka huu ni ya kwenda Cheploch katika Bonde la Kerio, mimi sina amani. Wenzangu wananisimamisha mlangoni, kwenye foleni ya chakula cha mchana na hata njiani tukienda nyumbani jioni, kwa kuwa wanajua familia yetu ilishuka bonde hilo kwa miguu likizo ya Aprili mwaka jana. Huyu anauliza kama kuna mamba. Yule anauliza kama ni kweli joto la huko linaweza kuiva yai. Mwingine, ambaye sitamtaja, ameuliza kama kuna mtandao wa simu. Nimewajibu nilivyoweza. Lakini mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu mvua, na hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu yeyote anayeshuka korongo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

MAHALI PENYEWE

Sisi wa Kesses tumezoea nchi tambarare, mashamba ya mahindi na ngano, na baridi ya asubuhi inayokufanya usivue sweta hadi saa nne. Ukipita Eldoret na kufika Iten, nchi hiyo tambarare inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Unasimama ukingoni, na mbele yako hakuna kitu ila hewa. Huo ndio ukuta wa Elgeyo, ukingo wa Bonde la Ufa kwa upande wetu wa magharibi. Ng'ambo unaona Milima ya Tugen ya Baringo, na katikati unapita Mto Kerio, ambao huelekea kaskazini mpaka Ziwa Turkana.

Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde iko mita 1,100 hivi. Maana yake ni kwamba mtu anayeshuka anateremka zaidi ya kilomita moja kwenda chini. Tulifundishwa katika somo la Jiografia kwamba kila unaposhuka mita 1,000, joto huongezeka kwa kiasi cha nyuzi sita na nusu. Piga hesabu, utaona kwamba chini kuna joto zaidi ya Iten kwa nyuzi nane au zaidi, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Tena mawingu mengi humwaga mvua yao huku juu, kwa hivyo bonde hubaki kame. Huko utaona migunga, mawe, udongo mwekundu na mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili kutafuta jani. Si jangwa kama Chalbi, lakini kwa mtu wa Kesses ni jangwa tosha.

Cheploch ni mahali ambapo Mto Kerio umekata mwamba ukafanya korongo jembamba lenye kuta za mawe zilizosimama wima, karibu na daraja la barabara ya Iten kwenda Kabarnet. Vijana wa huko ni maarufu kwa kujirusha majini kutoka juu ya miamba. Mbali na korongo hilo kubwa, ukuta wote wa Elgeyo umechorwa na makorongo madogo yanayoshuka bondeni. Mengi yake hayana maji siku nyingi za mwaka. Ukiyatazama utadhani ni barabara ya mchanga iliyochongwa tayari kwa ajili yako.

Sisi tulikuwa sita: Baba, Mama, kaka yangu mkubwa, mimi, mdogo wetu wa kike aliyekuwa na miaka tisa, na mjomba, nduguye Mama, ambaye anaishi bondeni na ndiye aliyekuwa kiongozi. Kogo, yaani nyanya yetu, alizaliwa huko chini. Katika usichana wake alikuwa akiupanda ukuta ule na kibuyu cha asali mgongoni kwenda kubadilishana na nafaka. Baba alisema, "Watoto hawa wanaijua Kerio kwa dirisha la matatu tu. Safari hii wataijua kwa nyayo." Basi tukapanda matatu mpaka Iten, na kutoka hapo tukashika njia za mbuzi kupitia upande wa Tambach, tukashuka kwa siku mbili.

MZIGO NA MAJI

Jambo la kwanza ni maji ya kunywa. Mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji lita nne au zaidi kwa siku. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Watu sita mara lita nne ni kilo 24, na hizo ni za siku moja tu, kabla hujaweka unga, sufuria na blanketi. Kwa sababu hiyo huwezi kubeba maji ya safari nzima. Ni lazima ujue kabla ya kutoka nyumbani ni wapi utapata mengine. Mjomba alitutajia kila kisima na kila bomba la njiani, na Mama akaandika nyuma ya daftari langu. Pale ambapo maji yalikuwa ya mto tulichemsha. Nawakumbusha wanafunzi wa Fizikia kwamba Iten maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi, na chini bondeni karibu 96. Kwa hivyo ukiwa juu, yaache yachemke dakika tatu kabla ya kuepua.

La pili ni uzito wa shanta. Usibebe zaidi ya moja kwa tano ya uzito wako. Mwenye kilo 50 abebe kumi, basi. Kaka yangu alicheka aliposikia hivyo, kwa sababu yeye hubeba gunia la mahindi shambani bila shida. Lakini gunia unalibeba hatua mia moja ukalitua. Shanta unatembea nayo tangu alfajiri, tena kwenye mteremko, na anayeumia mteremkoni ni goti.

La tatu ni chumvi. Ukitokwa na jasho unapoteza maji na chumvi pamoja, kwa hivyo kunywa maji matupu hakutoshi. Tulibeba karanga za chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha na mahindi ya kukaanga. Kogo alitupa na kibuyu cha mursik, kikamalizika kabla hatujafika Tambach.

La nne ni wakati. Tulikuwa tukianza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa tano tunatafuta kivuli mpaka saa tisa. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, mweke kivulini, umlegeze nguo, umloweshe na umpe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, huo si uchovu tena. Ni joto limempanda kichwani, na anahitaji hospitali upesi huku mkiendelea kumpoza kwa maji.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Vaa viatu vilivyofunika vidole kwa ajili ya miiba, na asubuhi uvikung'ute kabla ya kuvivaa, maana nge hupenda malazi ya bure. Beba chandarua, kwa sababu bondeni kuna mbu wa malaria, na sisi wa nchi za baridi miili yetu haijazoea ugonjwa huo. Usioge mtoni bila kuwauliza wenyeji, maana Mto Kerio una mamba. Na upande wa Rimoi kuna ndovu, ambao wana njia zao na hawamwombi mtu ruhusa.

MVUA YA MTU MWINGINE

Sasa nifike kwenye lile swali ambalo hamkuniuliza. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli, lakini korongoni ina mtego. Mawingu yanaweza kuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine, na maji yakaja kwako.

Hebu fikiria bakuli lililopasuka ubavuni. Ukimwaga kikombe cha maji mahali popote ndani ya bakuli hilo, maji yote yatatokea kwenye ufa. Korongo ni ule ufa. Mvua ikinyesha juu ya ukuta, kila paa la mabati, kila shamba na kila barabara inatoa maji yake, nayo yote yanatafuta njia moja ya kushuka. Mteremko ni mkali, kwa hivyo yanakwenda mbio. Udongo wa bonde umekaushwa na jua ukawa mgumu kama sakafu, kwa hivyo hauyanywi. Na kwa kuwa korongo ni jembamba, maji ambayo shambani yangekufika kwenye kifundo cha mguu, hapo yanakufika kifuani. Haya yote hutokea baada ya saa moja au zaidi tangu mvua inyeshe, pengine wakati ambapo huko ilikonyesha jua limekwisha kutoka.

Siku yetu ya pili, jioni, tulikuwa tukitembea ndani ya mto mmoja mkavu. Anga juu yetu ilikuwa safi. Baba alitua shanta yake kwenye mchanga, akaukanyaga kanyaga, akafurahi.

"Shemeji, tulale hapa," alimwambia mjomba. "Mchanga huu ni laini kuliko godoro langu la nyumbani."

Mjomba hakutua mzigo wake. Akauliza, "Shemeji, mchanga huo umeletwa hapa na nani?"

Baba alitazama kulia na kushoto. Kuta za korongo zilikuwa mawe matupu. Mjomba akamwonyesha majani makavu yaliyokuwa yamenasa kwenye matawi ya mgunga, juu ya vichwa vyetu. "Na yale nayo hayakupanda mti," akasema. Tukabeba vitu vyetu, tukapanda kando kama mita thelathini hadi kwenye bamba la mwamba. Lilikuwa gumu, na kaka yangu alilalamika mpaka usingizi ukamchukua.

Mnamo saa tatu usiku tuliamshwa na sauti kama ya lori lililobeba mawe. Upande wa Iten, mbali sana, umeme ulikuwa ukimulika bila ngurumo kusikika. Mjomba aliwasha kurunzi akamulika chini. Pale tulipopita kwa miguu palikuwa pamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na magogo yalikuwa yakigongana ndani yake. Nyota zilikuwa juu yetu. Mablanketi yetu yalikuwa makavu kabisa, hayakuguswa na tone.

Mdogo wangu akauliza, "Mama, mvua iko wapi?" Mama hakumjibu. Alimvuta karibu naye akamshika mkono, akawa hamwachi mpaka kukacha.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwisha, yamebaki madimbwi tu. Pale Baba alipotaka kutandika mkeka palikuwa na gogo ambalo wanaume wawili wasingeliinua. Baba alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mjomba, akasema, "Asante, shemeji." Hakuongeza neno.

SI HADITHI YA KWETU TU

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya mara moja. La hasha. Karibu na Naivasha, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kuna Korongo la Ol Njorowa ambalo shule nyingi zimewahi kutembelea. Mwezi wa Aprili 2012 vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa ndani ya korongo hilo maji yalipokuja ghafla, na saba kati yao wakafa. Septemba 2019 jambo lile lile likatokea, watu wengine saba wakafa, akiwemo mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalifunga korongo hilo baada ya mkasa huo. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, watalii kumi na mmoja walikufa tarehe 12 Agosti 1997 katika Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe mekundu. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya korongo, wala si pale waliposimama.

Na tusisahau majirani zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, mvua kubwa iliporomosha udongo wa ukuta huu huu eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, na zaidi ya watu ishirini wakapoteza maisha. Wale hawakuwa watalii, bali walikuwa wamelala nyumbani kwao. Nayataja hayo ili tusidhani kwamba ukuta wa Elgeyo ni picha nzuri ya kupigia simu. Maji ya juu na watu wa chini wana uhusiano wa damu, na wenyeji wanaujua uhusiano huo kwa uzuri na kwa ubaya. Kwa miaka mingi sana Wamarakwet wamechimba mifereji inayoteremsha maji ya mito ya juu mpaka kwenye mashamba yao ya bondeni. Maji yale yale, yakiongozwa ni chakula, na yakija yenyewe ni msiba.

DALILI NA LA KUFANYA

Mjomba alitufundisha dalili hizi, nami nazipitisha kwenu. Maji ya mto yakibadilika rangi, yakawa ya udongo, toka. Vijiti na majani yakianza kuelea kwa wingi, toka. Ukisikia mngurumo usioujua unatoka upande wa juu, usisimame kuuliza ni nini, toka. Na kutoka maana yake ni kupanda kando, juu ya ukingo. Wengi hukimbia kufuata korongo kwenda chini, lakini hakuna mwanariadha, hata wa Iten, atakayeshindana na maji katika njia yao. Acha shanta. Shanta hununuliwa.

Usijaribu kuvuka maji yanayokwenda kasi, hata kama yanafika magotini tu. Maji ya magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa sababu yanasukuma mguu huku yakichimba mchanga chini ya unyayo. Keti ukingoni usubiri. Mafuriko ya korongo huja upesi na huondoka upesi. Sisi tulisubiri usiku mmoja tu.

Chagua saa ya kuingia pia. Huku kwetu juu, miezi ya mvua, mawingu hukusanyika baada ya chakula cha mchana na mvua hunyesha alasiri. Kwa hivyo mtu mwerevu huingia korongoni asubuhi, na saa sita humkuta yuko nje.

KUPANDA

Neno la mwisho kuhusu miguu. Milima mingi huanza kwa kupanda, ukichoka unarudi. Korongo ni kinyume: unaanza kwa raha, na taabu inakungoja mwisho, wakati maji yamepungua na jua limechacha. Wapwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayeshuka Kerio marejeo yake ni Iten. Sisi kupanda kulituchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka. Huko Grand Canyon, Marekani, wasimamizi wa mbuga huwaonya wageni wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi juu kwa siku moja. Basi unapokuwa unashuka ukijisikia kuruka kama mwanambuzi, kumbuka kwamba kila hatua hiyo utailipa.

OMBI KWA KAMATI

Nimeisoma ratiba ya safari yetu. Inasema tutafika Cheploch saa nane mchana na kula chakula chini, kwenye miamba kando ya maji. Kwa heshima na taadhima, naiomba kamati ya chama pamoja na walimu walezi ibadilishe mambo matatu. Kwanza, tutoke Kesses alfajiri ili tuteremke korongoni asubuhi, na chakula tule juu, karibu na daraja. Pili, tuwe na mwenyeji wa kutuongoza, na tumsikilize hata akituambia turudi bila kuona chochote. Kuuliza si ujinga, na chifu wa eneo pia atatueleza kuhusu usalama, kwa sababu sehemu za kaskazini za bonde zimewahi kusumbuliwa na wizi wa mifugo. Tatu, tuwe na mtu wa kumpigia simu huko Iten. Na hapa namjibu yule rafiki yangu wa mtandao: ndiyo, sehemu nyingine upo, na kazi yake ya kwanza ni hiyo. Tumpigie kabla ya kuteremka, tumuulize swali moja tu: kwenu kuna wingu?

Akisema lipo, tukae juu tule viazi vyetu, tuimbe, turudi nyumbani. Korongo litakuwapo mwaka ujao. Nasi pia tunataka tuwepo.